Kitunguu saumu, mlonge na giligilani: Je, vinaweza kuondoa sumu ya risasi na zebaki mwilini?

Mchimbaji mdogo anayechoma dhahabu kwa zebaki, fundi anayepasua betri chakavu za magari, mpaka rangi anayekwangua ukuta wa zamani: wote watatu wameshaambiwa dawa ni ileile. Kunywa maziwa. Tafuna kitunguu saumu. Chemsha majani ya mlonge. Siku hizi ushauri huo umehamia kwenye simu, ambako kila mmea una video yake na kila video inaahidi "kusafisha damu".

Swali lenyewe ni la haki kabisa. Dawa za hospitali za kutoa metali mwilini ni adimu, hazikai kwenye zahanati ya kijiji, na haziwezi kutumika bila vipimo. Kitunguu saumu kipo gengeni.

Na wanasayansi hawajaipuuza mimea hii. Mingi imejaribiwa kwa panya, na michache imefika hadi kwa binadamu. Ila matokeo yake yanahitaji kusomwa taratibu, kwa sababu mmea uliofanya vizuri zaidi ulijaribiwa kwa watu wazima wenye sumu ya kiwango cha chini hadi cha kati. Mtoto aliyeanza kupata degedege ni habari nyingine kabisa.

Sumu yenyewe inafanyaje kazi?

Zinazotajwa sana ni risasi (wengine huiita ledi), zebaki, aseniki na kadimiamu. Mwili hauzihitaji hata kidogo, na hauna njia ya haraka ya kuzitoa.

Risasi ina ujanja wake. Inajifanya kalisi. Mwili unaipokea kama rafiki, unaiweka kwenye mifupa na kuiacha ipite hadi kwenye ubongo. Ikiwa kwenye damu, nusu yake hupungua kwa takriban mwezi mmoja. Ikishaingia kwenye mfupa inaweza kukaa miongo, ikivuja kidogo kidogo kurudi kwenye damu. Zebaki na aseniki nazo zinang'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini za mwili, na protini iliyokamatwa hivyo haifanyi kazi yake tena.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Na watoto humeza kweli, maana wanacheza chini na mikono inaenda mdomoni.

Dalili ndizo zinazowachanganya watu. Tumbo kuuma, uchovu, kukosa choo, hasira, kusahau. Kwa anayevuta mvuke wa zebaki, mikono hutetemeka na usingizi hupotea. Kwa mtoto, mara nyingi huoni kitu, ila shuleni anabaki nyuma. Hakuna kati ya hizo ambayo mtu hawezi kuiita malaria, vidonda vya tumbo au "mawazo".

Siri iko kwenye harufu

Dawa za hospitali za sumu hizi zina historia ya vita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa Oxford nchini Uingereza walikuwa wanatafuta kinga dhidi ya lewisite, gesi ya kivita yenye aseniki. Walichopata kikaitwa dimekaproli, sindano inayochanganywa na mafuta ya karanga na inayouma vibaya mno. Bado inatumika kwa wagonjwa mahututi.

Baadaye ikaja DMSA, ambayo ni kidonge cha kumeza na ndiyo inayopendelewa zaidi kwa watoto wenye sumu ya risasi. Kuna pia penisilamini, yenye asili ya penisilini.

Dawa hizi tatu zina kitu kimoja: salfa. Atomu za salfa zinaikamata metali kama gando la kaa, kisha figo zinaisukuma nje kwa mkojo. DMSA hata inanuka mayai viza. Wanakemia waligundua tabia hii tangu karne ya 19, wakaipa familia hiyo ya kemikali jina la Kilatini lenye maana ya "kinachokamata zebaki".

Sasa fikiria ni kiungo gani cha jikoni kinachonuka salfa kuliko vyote.

Kitunguu saumu: ushahidi mzuri zaidi, lakini...

Mwaka 2012 watafiti wa Mashhad, Iran, walichapisha matokeo ya jaribio la wafanyakazi 117 wa kiwanda cha betri za magari waliokuwa na risasi kwenye damu. Kundi moja lilipewa vidonge vya kitunguu saumu mara tatu kwa siku, lingine penisilamini mara tatu kwa siku, kwa wiki nne.

Makundi yote mawili yalishuka, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Waliotumia kitunguu saumu walipata madhara machache kuliko wenzao, na kero kama maumivu ya kichwa na kuwashwa na hasira zilipungua.

Hapo ndipo video nyingi zinapoishia: "Kitunguu saumu ni sawa na dawa ya hospitali!" Lakini namba zinasema zaidi. Wastani wa risasi kwa waliotumia kitunguu saumu ulitoka mikrogramu 426 kwa lita ya damu ukafika 347. Ni karibu theluthi moja ya nusu, si zaidi sana. WHO inataka chanzo cha sumu kitafutwe na kuondolewa pale risasi inapofika mikrogramu 50 kwa lita. Kwa maneno mengine, baada ya mwezi mzima wa vidonge, mfanyakazi wa kawaida kwenye jaribio hilo alibaki na karibu mara saba ya kiwango hicho.

Kuna mengine mawili ya kuzingatia. Hakukuwa na kundi la tatu lililopewa kidonge kisicho na dawa, kwa hiyo ni vigumu kujua ni kiasi gani kingeshuka chenyewe. Halafu vilivyotumika ni vidonge vilivyopimwa kiasi cha alisini, ile kemikali yenye harufu kali. Punje unayoitafuna nyumbani haina kipimo, na ukiikaanga sana alisini haitengenezwi kabisa.

Je, kitunguu saumu hakina madhara? Cha mchuzi hakina shida kwa watu wengi. Vidonge vyake vikali vinaweza kuchelewesha damu kuganda, jambo la kumwambia daktari kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au unasubiri upasuaji.

Pamoja na yote hayo, jaribio la Mashhad ni kazi ya maana. Inastahili kurudiwa Afrika, tena kwa kundi la tatu lile lililokosekana.

Giligilani: jina kubwa, ushahidi mdogo

Giligilani, au dania kama wanavyoiita Kenya, ndiyo nyota wa mitandaoni kwa kutoa zebaki. Sifa hiyo ilianzia miaka ya 1990, pale daktari Yoshiaki Omura alipoandika kwamba wagonjwa wachache waliotumia majani haya walianza kutoa zebaki zaidi. Wagonjwa wachache si jaribio, lakini hadithi ilishasafiri.

Mwaka 2001 panya waliokuwa wakinyweshwa maji yenye risasi walionekana kuhifadhi risasi kidogo kwenye mifupa walipopewa giligilani. Hiyo ilitia moyo. Kisha likaja jaribio la watoto wa miaka 3 hadi 7 walioathiriwa na risasi. Wengine walipewa dondoo ya giligilani, wengine kitu kisicho na dawa. Watoto wa makundi yote mawili walitoa risasi zaidi kwenye mkojo. Giligilani haikushinda.

Kilichosaidia, kwa maelezo ya watafiti, huenda ni chakula bora ambacho watoto wote walikula katika kipindi hicho. Giligilani ikashindwa na sahani ya chakula, kumbe!

Mlonge, manjano na mwani wa flamingo

Mlonge una sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Mbegu zake zilizosagwa zina protini inayokamata tope na kulizamisha, na wanawake wa Sudan wamezitumia kusafisha maji ya Nile tangu zamani. Maabara zimeonyesha unga huo unaweza pia kukamata risasi na kadimiamu kwenye maji. Hiyo ni kazi ya kwenye ndoo. Kazi ya mwilini imeonekana zaidi kwa wanyama: nchini India, panya waliolishwa aseniki walipata nafuu walipopewa mbegu za mlonge. Kwa binadamu, mlonge bado ni mboga nzuri.

Manjano nayo, kupitia kemikali iitwayo kukumini, hupunguza madhara ya metali kwenye ini na figo za panya. Shida ni kwamba kukumini ukiila haifyonzwi vizuri. Shida ya pili inakuja chini.

Spirulina ni mwani mdogo wa kijani na bluu, chakula cha flamingo wa maziwa ya magadi kama Natron na Nakuru. Bangladesh, ambako mamilioni ya watu wamekunywa maji ya visima yenye aseniki, wagonjwa 41 waligawanywa na baadhi wakapewa spirulina na madini ya zinki kwa wiki 16. Aseniki kwenye nywele zao ilishuka karibu nusu. Lakini kabla ya kuanza, kila mgonjwa alipewa kwanza chujio la kuondoa aseniki kwenye maji ya nyumbani. Watafiti walijua wasingeweza kumtibu mtu anayeendelea kunywa sumu.

Mbona kuna watu wanapona kwa mitishamba?

Wapo, na hawasemi uongo. Angalia inavyokwenda. Mtu anaumwa, anaacha kuchoma dhahabu, anarudi nyumbani kwa mama, anakula vizuri, anapewa mizizi ya kuchemsha kwa miezi miwili. Anapata nafuu. Sifa zinaenda kwa mizizi.

Lakini zebaki ya mvuke nusu yake hutoka mwilini kwa mwezi mmoja hadi miwili, dawa au bila dawa, mradi isiingie nyingine. Risasi ya kwenye damu nayo ni hivyohivyo. Huenda mizizi ilisaidia, huenda haikusaidia. Kuacha kazi ndiko kulikosaidia kwa hakika.

Ndiyo maana mwenzake aliyebaki mwaloni, akinywa mizizi ileile asubuhi na kuchoma zebaki mchana, haponi.

Zamfara: dawa ilipokataliwa kwa makusudi

Mfano mkubwa kabisa uko Nigeria. Mwaka 2010, kwenye vijiji vya jimbo la Zamfara, watoto walianza kufa kwa degedege na dalili zilizofanana na malaria. Ilikuja kujulikana kwamba mawe ya dhahabu ya eneo hilo yana risasi nyingi, na yalikuwa yakisagwa nyumbani, mengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Zaidi ya watoto 400 walifariki.

Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, waliingia na DMSA. Kati ya Juni 2010 na Juni 2011 walitoa dozi 3,180 kwa watoto 1,156 wa miaka mitano kushuka chini. Mtoto mmoja alihitaji zaidi ya dozi moja kwa sababu damu ikishasafishwa, mifupa inamwaga risasi nyingine.

Hata hivyo, kulikuwa na watoto ambao MSF haikuwapa dawa, na si kwa sababu dawa iliisha. Kijiji cha Bagega udongo wake ulikuwa haujasafishwa hadi 2013. Kumpa mtoto DMSA kisha kumrudisha kwenye ua wenye sumu ni kazi bure, na inaweza hata kumwongezea hatari. Wazazi wa Bagega walisubiri udongo uondolewe ndipo watoto watibiwe. Kama dawa kali kuliko zote inahitaji udongo safi kwanza, glasi ya maji ya giligilani itahitaji zaidi.

Karibu na nyumbani kuna Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mtoto wake mchanga ana risasi kwenye damu. Kampeni aliyoiongoza ilimpa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kuagiza mazingira yasafishwe. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikarudisha fidia hiyo Desemba 2024. Katika miaka yote hiyo ya kesi, udongo ulikuwa palepale.

Dawa yenyewe inaweza kuwa na sumu

Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji wa mitishamba hawaizungumzii. Mmea hunywa kilichomo ardhini. Upo mmea wa Katanga, Kongo, unaoota kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi kwamba unafahamika kama ua la shaba. Kuna jamii ya jimbi inayovuta aseniki kutoka ardhini na kuijaza kwenye majani yake, na hutumika kusafisha udongo. Baada ya kazi hiyo, jani hilo ni taka ya sumu.

Mwaka 1999 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi na kukuta metali nzito ndani yake. Kama mchicha unaweza, mlonge uliochumwa pembeni ya marudio ya dhahabu unaweza pia.

Halafu kuna ya kutiwa makusudi. Bangladesh, wafanyabiashara walikuwa wakipaka manjano rangi ya viwandani yenye risasi ili ing'ae. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi. Serikali ikapiga faini na kuelimisha, na kufikia 2021 ilikuwa sifuri. Nchini Marekani, uchunguzi wa 2004 kwenye maduka ya Boston ulikuta dawa 14 kati ya 70 za asili za Kihindi zina risasi, zebaki au aseniki. Mtu anakunywa manjano kuondoa risasi, kumbe anaongeza.

Udongo wa kula, pemba, nao ni wa kuuangalia, hasa kwa wajawazito. Utafiti uliofanywa Geita kwenye jamii za wachimbaji wadogo ulikuta aseniki kwenye udongo wanaokula wanawake hao.

Sasa mtu afanye nini?

Cha kwanza ni kukata njia ya sumu kuingia. Kwa mchimbaji, zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala kwenye jiko la familia. Ichomwe kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, mbali na watoto. Kwa fundi betri, nguo za kazi zibaki kazini. Kufagia vumbi la risasi kwa ufagio mkavu ni kulirusha puani, kwa hiyo lowesha kwanza.

Cha pili ni chakula, na hapa maziwa yanapata haki yake. Hayatoi sumu iliyokwisha kuingia, na hayazuii mvuke wa zebaki unaopita puani. Lakini mtu mwenye upungufu wa kalisi au madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, na mwenye tumbo tupu hufyonza zaidi ya aliyekula. Maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani vinabana mlango. WHO yenyewe inapendekeza nyongeza ya kalisi na madini ya chuma kwa watoto wenye risasi ambao lishe yao haitoshi.

Mitishamba? Kitunguu saumu kwenye chakula, giligilani kwenye kachumbari, majani ya mlonge yaliyochumwa mahali safi: kula. Usivitumie badala ya hospitali, na usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili yake. Dawa za hospitali za kunasa metali nazo si za kununua kiholela mtandaoni. Nchini Marekani kati ya 2003 na 2005 watu watatu walifariki baada ya dawa ya aina hiyo kushusha kalisi ya damu yao ghafla.

Mtoto aliye kwenye eneo la hatari na anayetapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kupata degedege apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mhudumu aambiwe wazi: "Nyumbani tunasaga mawe ya dhahabu," au "Jirani kuna kiwanda cha betri." Asipoambiwa, atapima malaria.

Kuhusu vipimo, risasi hupimwa kwenye damu. Mvuke wa zebaki na aseniki hupimwa zaidi kwenye mkojo, na zebaki inayotokana na kula samaki kwenye damu au nywele. Ukienda kupima aseniki, acha kula samaki na vyakula vyote vya baharini kwa siku tatu au nne kabla, kwa sababu vina aina ya aseniki isiyo na madhara ambayo inaweza kupandisha majibu na kukupa hofu ya bure.